GV: Dawa ya zambarau, faida na hatari zake

GV ni dawa ya majimaji yenye rangi ya zambarau iliyokoza ambayo hupakwa juu ya ngozi au ndani ya kinywa kwa minajili ya kuua bakteria na kuvu. Herufi hizo mbili ni kifupisho cha jina lake la Kiingereza, ambalo likitamkwa Kiswahili huwa jenshani vayoleti. Kwa miongo mingi imekuwa miongoni mwa dawa zinazofahamika sana katika zahanati na maduka ya dawa nchini. Bei yake ni nafuu, haihitaji jokofu, haidungwi kwa sindano, na aliyepakwa hutambulika kwa mbali.

Umaarufu huo ndio umezaa tatizo. Wapo wanaoipaka kwenye kila kidonda, kila kipele na kila kinywa cha mtoto pasi na kuuliza chupa ina dawa yenye nguvu gani. Kwa upande mwingine, mnamo Juni 2019 Wizara ya Afya ya Canada iliwashauri wakazi wa nchi hiyo waache kuitumia kwa hofu kwamba huenda ikasababisha saratani. Mzazi aliyezoea kuiona dawa hii mikononi mwa wauguzi ana haki ya kuuliza iwapo ni salama au la. Jibu hutegemea mambo matatu: nguvu ya mchanganyiko, mahali unapopakwa na muda unaotumiwa.

Jina lisilo na mmea

Wengi hudhani kwamba dawa hii hutokana na maua kwa kuwa 'gentian' ni jina la mmea wa milimani barani Ulaya wenye maua ya buluu na zambarau. Ukweli ni kwamba hakuna tone la mmea huo ndani ya chupa. Jina lilitokana na kufanana kwa rangi tu. Inasemekana lilianza kutumiwa na mfanyabiashara Mjerumani, Georg Grübler, aliyekuwa akiwauzia wanasayansi rangi za maabara.

GV ni rangi ya kutengenezwa viwandani. Kwa asili ni mchanganyiko wa rangi zinazokaribiana mno kikemia, na ile iliyo safi zaidi miongoni mwazo huitwa kristali vayoleti. Katika vitabu vya dawa hupatikana pia kwa jina la methilrosanilini. Ikiwa kavu huwa ni chembechembe za kijani kibichi zinazometameta kama shaba iliyosuguliwa. Zikitiwa maji ndipo zambarau hujitokeza.

Kutoka kiwandani hadi hospitalini

Chanzo cha rangi hizi ni lami ya makaa ya mawe, takataka nyeusi iliyobakia viwandani Ulaya baada ya makaa kuchomwa ili kupata gesi ya taa. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 jijini London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na kemikali za lami hiyo. Kwinini hakuipata. Alichopata ni rangi ya zambarau iliyoshika barabara kwenye hariri, na kutoka hapo kukazuka biashara kubwa ya rangi za viwandani.

Mwaka 1861 Mfaransa Charles Lauth alitengeneza rangi iliyokuja kujulikana kama zambarau ya Paris, ambayo ndiyo mzazi wa GV. Kristali vayoleti yenyewe ilitengenezwa na mkemia Alfred Kern mwaka 1883. Hadi wakati huo lengo lilikuwa nguo na wino, wala si wagonjwa.

Aliyeigeuza kuwa dawa ni Jakob Stilling, daktari wa macho katika mji wa Strasbourg, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani. Mwaka 1890 alitangaza kwamba rangi hiyo huua vijidudu vinavyosababisha usaha. Kampuni ya Merck ikaanza kuiuza kwa jina la Pyoktanin, neno lililoundwa kutokana na Kigiriki likiwa na maana ya kiua-usaha.

Mwaka 1912 Mmarekani John Churchman alionyesha kwamba rangi hii huwazuia kukua baadhi ya bakteria ilhali wengine hawaijali. Mwaka 1933 daktari mwingine Mmarekani, Robert Aldrich, alieleza jinsi alivyoitumia kuwatibu watu walioungua moto. Ikumbukwe kwamba wakati huo penisilini haikuwa imeanza kutumiwa kama dawa, na kidonda kilichooza kingeweza kumpeleka mtu kaburini.

Huko Brazil rangi hii ilipewa kazi tofauti kabisa. Mwaka 1953 watafiti walieleza jinsi ya kuitia ndani ya damu ya kuongezewa wagonjwa ili kuua vimelea vya ugonjwa wa Chagas, ambao huenezwa na wadudu wa Amerika ya Kusini na pia kwa damu. Damu hiyo ilihifadhiwa kwenye baridi kwa muda wa saa 24 kabla ya kutumiwa.

Jinsi inavyofanya kazi

Chembe za GV zina chaji chanya ya umeme, ilhali ngozi ya nje ya bakteria ina chaji hasi. Kwa hiyo rangi huvutwa na bakteria, huipenya ngozi yake na kushikamana na vinasaba vilivyo ndani. Bakteria hushindwa kuzaana, na rangi ikiwa ya kutosha hufa. Kuvu aitwaye kandida, anayesababisha utando mweupe kinywani, naye huathirika vivyo hivyo.

Si kila bakteria hudhurika. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, akiwa mjini Berlin, alichapisha mbinu ya kuwapaka bakteria rangi hii, kisha ayodini, halafu kuwaosha kwa spiriti. Waliobakia na zambarau wakaja kuitwa Gramu chanya. Waliopoteza rangi wakaitwa Gramu hasi. Hadi leo kipimo hicho hutumiwa katika maabara za hospitali kote duniani, mathalani kuchunguza maji ya uti wa mgongo wa mtu anayeshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo.

Bakteria wa kundi la Gramu chanya, wakiwemo wengi wanaosababisha majipu na vipele vya usaha, ndio wanaodhurika zaidi kwa GV. Wale wa Gramu hasi hustahimili. Aidha, dawa hii si tiba ya virusi. Mtoto mwenye tetekuwanga akipakwa zambarau mwili mzima, virusi huendelea na shughuli yake hadi kinga ya mwili iishinde. Kinachoweza kusaidiwa na dawa ni vile vipele alivyovikuna hadi vikaingiwa na bakteria.

Matumizi yake kwa watoto

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2014 wa kuwatibu watoto wa chini ya miaka mitano, lilitaja GV katika hali mbili kuu.

Hali ya kwanza ni vidonda vya kinywani, hususan vile vinavyoletwa na surua. Mtoto wa namna hii hukataa kunyonya au kula kwa sababu ya maumivu, na njaa hiyo humdhoofisha zaidi. Hapa mwongozo unataka GV ya asilimia 0.25, ambayo huitwa nusu nguvu, ipakwe mara mbili kwa siku. Dawa haichukui nafasi ya vitamini A ambayo mtoto mwenye surua hupewa.

Hali ya pili ni maambukizi madogo ya ngozi au kitovu cha mtoto mchanga. Hapo hutumiwa GV ya asilimia 0.5, yaani nguvu kamili, mara mbili kwa siku kwa muda wa siku tano. Mwongozo huo hauachi kazi yote kwa rangi: mtoto hupewa pia dawa ya kumeza ya kuua bakteria. Anayepaka zambarau kitovuni na kungoja nyumbani huwa ametumia sehemu ndogo tu ya tiba.

Kwa utando mweupe wa kandida, mwongozo huo unataja nistatini ya matone: mililita moja mara nne kwa siku kwa siku saba. Hata hivyo, pale nistatini ilipokosekana au bei yake ilipowashinda watu, GV ndiyo iliyotumiwa.

Wakati wa Ukimwi

Utando wa kandida haukuwa wa watoto pekee. Ukimwi ulipoenea Afrika katika miaka ya 1980 na 1990, kabla ya dawa za kupunguza makali ya virusi kupatikana kwa wingi, wagonjwa wengi walishindwa kumeza chakula kwa sababu ya utando huo kinywani na kooni. Dawa za vidonge za kuua kuvu zilikuwa ghali mno.

Utafiti uliofanywa nchini Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuchapishwa mwaka 1992 ulilinganisha GV na dawa mbili nyingine miongoni mwa wagonjwa wa Ukimwi. Ulibainisha kwamba kwa utando wa kinywani GV ilifanya kazi sawa na ketokonazoli, na kuishinda nistatini. Kwa daktari aliyekuwa na wagonjwa wengi na fedha kidogo, habari hiyo ilikuwa na uzito.

Lakini rangi ilikuja na gharama yake. Midomo ya zambarau ilimfichua mgonjwa katika enzi ambapo kujulikana kuwa na virusi kulimaanisha kutengwa. Ndiposa watafiti wakatafuta mchanganyiko hafifu usioacha alama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulijaribu GV ya kusukutua yenye asilimia 0.00165 tu, ambayo ni hafifu kuliko ile ya asilimia 0.5 kwa takriban mara 300. Ilipolinganishwa na nistatini kwa watu wenye HIV, haikuonekana tofauti ya maana kati ya dawa hizo mbili. Funzo ni kwamba kiasi kidogo mno cha rangi hii chaweza kutosha. Wingi wa zambarau si kipimo cha uponyaji.

Nguvu ya dawa: soma chupa

Hapa ndipo makosa mengi hutendeka. GV huuzwa katika nguvu mbalimbali. Asilimia 1 ina maana ya gramu moja ya rangi katika mililita 100. Dawa ya asilimia 1 ina nguvu mara nne ya ile inayopaswa kuingia kinywani mwa mtoto. Ikipakwa mara kwa mara kwenye utando laini wa kinywa yaweza kuuchoma na kuzusha vidonda vipya. Mzazi akiona vidonda hivyo hudhani ugonjwa umezidi, naye huongeza dawa.

Hesabu ya kuipunguza nguvu si ngumu. Kipimo kimoja cha dawa ya asilimia 0.5 kikichanganywa na kipimo kimoja cha maji safi yaliyochemshwa na kupoa, hutoa asilimia 0.25. Ile ya asilimia 1 huhitaji vipimo vitatu vya maji kwa kimoja cha dawa ili kufikia nguvu hiyo. Hata hivyo ni bora kazi hii ifanywe na mfamasia au muuguzi, kisha chupa iandikwe upya nguvu yake.

Ni vyema pia kuuliza iwapo dawa imeyeyushwa kwa maji au kwa spiriti. Ile yenye spiriti huwasha na haifai kinywa cha mtoto.

Jinsi ya kupaka kinywani

Utaratibu unaofundishwa kina mama katika zahanati ni huu:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Zungushia kidole kitambaa laini na safi, kichovye kwenye maji yenye chumvi kidogo, usafishe kinywa cha mtoto polepole.
3. Paka GV ya asilimia 0.25 juu ya vidonda kwa pamba au kitambaa safi. Usimimine dawa kinywani.
4. Nawa mikono tena.
5. Rudia mara mbili kwa siku, na uendelee kwa saa 48 baada ya vidonda kupona, kisha uache.

Mtoto akimeza kidogo huenda akatapika au kinyesi chake kikabadilika rangi. Akinywa kiasi kikubwa, apelekwe hospitalini pamoja na chupa yenyewe.

Pale isipofaa kupakwa

Kwanza ni macho. GV ikiingia jichoni huweza kuliunguza. Likitokea hilo, jicho lioshwe mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mgonjwa apelekwe hospitalini bila kuchelewa. Chupa ya GV isiwekwe kamwe karibu na dawa ya macho.

Pili ni majeraha yaliyo wazi na yenye kina. Rangi ikiingia kwenye nyama mbichi inayoota upya yaweza kubakia chini ya ngozi daima kama chale, jambo la kusikitisha hasa likiwa usoni. Uingereza ilikwisha kuweka mpaka kwamba ipakwe tu kwenye ngozi isiyo na jeraha. Kidonda kibichi huhitaji kwanza maji safi na sabuni. Kilicho kirefu au kilichoumwa na mnyama huhitaji hospitali, ambako mgonjwa atachunguzwa iwapo anahitaji chanjo ya pepopunda au ya kichaa cha mbwa.

Tatu ni kidonda ambacho bado hakijaonwa na daktari. Zambarau huficha. Mtu aliyeungua au mwenye uvimbe akipakwa kabla ya kuchunguzwa, daktari hushindwa kuona wekundu umeenea wapi na ngozi iliyokufa imeishia wapi.

Choa cha mwilini hutibika vyema zaidi kwa krimu kama klotrimazoli, nacho choa cha kichwani huhitaji vidonge alivyoandika daktari kwa kuwa kuvu hujificha ndani ya shina la nywele, mahali ambapo rangi haifiki.

Suala la saratani

Hofu haikuanza Canada. Matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1985 yalionyesha kwamba panya waliolishwa GV katika chakula kwa hadi miezi 24 walipata uvimbe wa saratani kwenye ini kuliko wale wasiolishwa. Mwaka 2013 jopo la wataalamu wa WHO na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) lilisema haliwezi kupanga kiwango salama cha mabaki ya rangi hii ndani ya vyakula. Suala hilo lilihusu zaidi ufugaji wa samaki, maana rangi hii imewahi kutumiwa kuua kuvu kwenye mabwawa, na mabaki yake hukaa katika nyama ya samaki.

Mwaka 2021 wataalamu wa shirika la WHO la utafiti wa saratani waliiweka GV katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo hutokana hapa na ushahidi wa wanyama. Ushahidi wa kutosha kutoka kwa binadamu haukuwepo.

Ni muhimu kupima mambo haya kwa utulivu. Panya hao walikula rangi kila siku kwa takriban maisha yao yote. Mtoto anayepakwa matone machache kwa siku tano yumo katika hali tofauti. Lakini tofauti hiyo si cheti cha usalama. Ina maana kwamba dawa itumiwe kwa sababu maalumu, kwa muda mfupi, na isigeuzwe kipodozi cha kila siku. Canada, yenye dawa mbadala katika kila duka, haikupoteza mengi kwa kuiacha. Mama aliye mbali na hospitali, mwenye mtoto asiyeweza kunyonya kwa vidonda vya surua, ana hatari nyingine ya kupima, nayo iko mlangoni pake leo.

Kwa mama anayenyonyesha ambaye ana kandida kwenye chuchu, inafaa aombe ushauri wa tabibu kabla ya kujipaka, kwani mtoto atakuwa akimeza dawa hiyo kila anaponyonya. Mara nyingi yeye na mtoto huhitaji kutibiwa pamoja, la sivyo wataambukizana tena.

Dawa mbadala

Kwa utando wa kinywani kuna nistatini na jeli ya mikonazoli. Jeli hiyo ni nzito na yaweza kumpalia mtoto mchanga, hivyo isitumiwe bila maelekezo ya daktari. Kwa ngozi kuna krimu za kuua kuvu na bakteria.

Kwa kitovu, mwaka 2014 WHO ilipendekeza dawa ya klorheksidini kwa watoto wanaozaliwa nyumbani katika maeneo yenye vifo vingi vya watoto wachanga. Kwingineko, kitovu kisafishwe na kuachwa kikauke. Dawa hiyo nayo ina hadhari yake: mwaka 2018 WHO ilitoa onyo baada ya watoto kadhaa katika nchi za Afrika kudhurika vibaya macho pale ilipopakwa jichoni kimakosa. Si GV wala klorheksidini itakayomfaa mtoto aliyepakwa majivu au kinyesi cha ng'ombe kitovuni, kwani hizo ni njia za kuingiza pepopunda.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Rangi haipaswi kumchelewesha mgonjwa. Mtoto mchanga apelekwe hospitalini mara moja iwapo haonyonyi vizuri, ana degedege, anapumua kwa kasi ya mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, mwili una joto la nyuzi 37.5 na kuendelea au umepoa kupita kiasi, au amelegea. Wekundu unaoenea kutoka kitovuni hadi kwenye ngozi ya tumbo nao ni dalili ya hatari.

Kwa mtu mzima, utando wa kinywani unaorudi kila mara si jambo la kuficha kwa zambarau. Huweza kuashiria kisukari au kupungua kwa kinga ya mwili, na vipimo vya hali zote mbili vyapatikana hospitalini.

Anayenunua GV amwulize mfamasia maswali manne kabla ya kulipa: ni ya asilimia ngapi, imeyeyushwa kwa maji au spiriti, itaisha muda lini, na itumiwe kwa siku ngapi. Ihifadhiwe katika chupa iliyofungwa vizuri, mbali na jua na mikono ya watoto. Ikidondoka kwenye nguo doa lake ni gumu kutoka. Kwenye ngozi hufifia lenyewe baada ya siku kadhaa.